Koo la Gita

Arsenio ameviweka vitatu juu ya kaunta ya kioo
kama daktari wa meno anayepanga koleo.
Nje, Luque inachemka; saa nane mchana
hata mbwa wamegombania kivuli.
Ananimiminia tereré, barafu inagonga kikombe cha pembe,
nami nimelipakata gita la mjomba Emigdio
kama mgonjwa niliyemleta kupimwa kifua.

"Linaumwa nini?"
Likiwa peke yake haliumwi, nasema.
Jikoni, bila umeme, ni mwerezi mtupu na pumzi.
Lakini Jumamosi, harusini kwa kina Ovelar,
nililichomeka moja kwa moja kwenye mikisa,
likatoa sauti ya plastiki, ya kijiko kwenye sahani,
na kinubi cha Blásida kikalimeza
mifupa na yote.

Cha kwanza ni cheusi, kizito, hakitumii hata betri.
Kitufe kimoja tu, cha kukata ethi umeme ukianza kunguruma.
"Hiki hakiongezi wala hakipunguzi," asema Arsenio,
"kinabeba tu. Ni tarishi."
Nikakung'uta nyuzi. Tarishi kweli:
akaifikisha plastiki yangu salama salimini.

Cha pili kina kidirisha kinachowaka samawati,
na ndani yake, eti, kumbukumbu ya magita thelathini
yaliyorekodiwa katika vyumba nisivyovijua.
Akazungusha: gita likawa kubwa, la kitajiri,
la mtu aliyelala vizuri na kula nyama.
Nikavutiwa, sikatai.
Kisha nikalitazama mapajani,
ufa wake chini ya daraja, gundi ya mjomba iliyovuja,
nikaona haya kama mtu
anayecheka kwa meno ya kuazima.
Na bei! Ng'ombe wawili na ndama.

Mchagua nazi hupata koroma, najua.
Lakini mchagua sauti?

Cha tatu kimetumika, kimekwaruzika, kijani cha hospitali.
Vifundo vinne, viwili vimepoteza kofia.
Arsenio akaongeza sauti, akaongeza,
mpaka spika ikaanza kulia yenyewe,
uuuu, chini, nene, kama ng'ombe ndani ya pipa,
na vidole vyangu havijagusa uzi.
"Umesikia? Hiyo ndiyo inayokuharibia harusi.
Kila gita lina yake. Tuitafute tuifyeke."
Akageuza kifundo polepole, akiwinda,
na alipofika karibu na sol mvumo ukakatika
kama redio ya jirani.

Nikasema: ngoja.
Rudisha.

Uuuu.

Naijua hiyo sol.
Nilikuwa na miaka tisa, nimekalia vumbi la mbao,
mjomba ameushika ubao mbichi kwa vidole viwili, karibu na sikio,
anaugonga kwa kifundo cha kidole, anapiga randa kidogo, anagonga,
na anaguna nao, kooni, anautafuta.
Siku nzima. Mkaza mjomba akiita chakula, haendi.
Mpaka ubao ukajibu palepale alipokuwa akiguna.
"Sasa una kifua," alisema, akaenda kula.

Kumbe kilichonifedhehesha mbele ya maharusi
ni koo lake.

Arsenio hakuuliza kitu. Akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni,
kile cha kupindua wimbi,
na mvumo ukarudi nyuma hatua moja, ukanyamaza bila kufa.
Kisha kifundo, lakini si mpaka mwisho. Robo.
"Hivi," akasema, "anakaa chumba cha pili, mlango wazi."

Nikapiga polka, ile ya kutimua vumbi.
Plastiki haikuisha yote, nisidanganye;
uzi wa kwanza bado una kisu.
Lakini huko chini kulikuwa na mtu.

Tukapatana: nusu leo, nusu baada ya sikukuu ya mtakatifu.
Akanipa na betri, iliyokwisha kuonja kazi.
Njiani kisanduku kilinigonga paja mfukoni,
na nilipofika nyumbani, kabla ya kuchomeka chochote,
niligonga ubao kwa kifundo cha kidole,
nikaguna.